Mrumbasha

Mrumbasha (jina la kisayansi: Ocimum gratissimum) ni kichaka chenye harufu kali cha familia Lamiaceae, yaani familia moja na mrihani, mnanaa na rosmari. Humea porini katika sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki, Madagaska na Asia ya kusini, na umeenea pia katika Amerika ya kitropiki, hasa Brazil. Katika Afrika ya Mashariki huonekana kandokando ya barabara, pembezoni mwa mashamba, kwenye mahame na katika vichaka vya wazi. Watu wengine huupanda karibu na nyumba kwa ajili ya dawa na kufukuza mbu.

Harufu ya mmea huu hutoka katika mafuta ya kunukia ambayo hutengenezwa na kuhifadhiwa ndani ya tezi ndogo sana juu ya majani, mashina machanga na maua. Mafuta hayo si yaleyale kila mahali. Mimea miwili ya spishi hii inayofanana kwa macho inaweza kubeba mafuta yenye kemikali kuu tofauti kabisa. Kwa hiyo jina la mmea peke yake halitoshi kueleza ni kitu gani kilichomo ndani ya jani.

Majina na uainishaji

Majina ya Kiswahili ya mmea huu hutatanisha kidogo. Mrumbasha na mvumbasha hutumika kwa spishi hii, lakini jina kivumbasi hutumika kwa spishi hii na pia kwa Ocimum americanum, ambayo ni mmea mfupi zaidi na usio na mashina magumu. Mrihani (Ocimum basilicum) ni ndugu yao wa bustanini, anayejulikana sana pwani kwa sababu majani yake hutiwa katika vikuba pamoja na asumini. Ndugu mwingine wa porini ni Ocimum kilimandscharicum, uliopewa jina la mlima Kilimanjaro, ambao mara nyingi hunukia karafumaiti.

Nchini Uganda mrumbasha huitwa mujaaja kwa Kiganda. Wayoruba wa Nigeria huuita efinrin na Waigbo nchanwu. Huko majani yake ni dawa na pia kiungo cha supu. Nchini India hujulikana kama ram tulsi, na nchini Brazil kama alfavaca.

Carolus Linnaeus aliieleza spishi hii mwaka 1753 katika kitabu chake Species Plantarum. Neno gratissimum ni la Kilatini, na maana yake ni "yenye kupendeza mno". Mwaka 1809 Mjerumani Carl Ludwig Willdenow alieleza mmea aliouita Ocimum suave, na kwa muda mrefu vitabu vya mimea ya Afrika ya Mashariki vilitumia jina hilo. Siku hizi wataalamu wengi huichukua Ocimum suave kuwa ni Ocimum gratissimum tu, kufuatana na mapitio ya jenasi hii katika Afrika yaliyofanywa na Alan Paton wa bustani ya Kew, Uingereza, mwaka 1992. Msomaji anayetafuta habari za mmea huu katika maandishi ya zamani inampasa kutafuta majina yote mawili.

Ndani ya spishi hutambuliwa aina mbili zilizo za kawaida. Var. gratissimum, ambayo ndiyo Ocimum suave ya zamani, huwa na manyoya mengi juu ya mashina na majani. Var. macrophyllum, ambayo zamani iliitwa Ocimum viride, ina majani yenye manyoya machache na ni ya kawaida zaidi Afrika ya Magharibi. Kuna pia nususpishi iringense, iliyopewa jina la Iringa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania.

Umbo

Mrumbasha ni mmea wa kudumu wenye kimo cha mita 1 hadi 3. Sehemu ya chini ya shina ni ngumu kama mti na gamba lake hubanduka kwa vipande virefu. Mashina machanga yana pembe nne. Mtu akiyaviringisha kati ya vidole atazihisi mara moja, kama ilivyo kwa mnanaa na mrihani.

Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na kila jozi hukingamana na jozi iliyo chini yake. Yana vikonyo virefu, umbo la yai lililochongoka, na kingo zenye meno. Jani kubwa linaweza kufikia urefu wa sentimita 16, lakini mengi ni madogo kuliko hayo. Likiinuliwa kuelekea jua huonyesha vitone vingi vidogo vinavyong'aa, na hivyo vitone ndivyo tezi za mafuta.

Maua ni madogo, ya rangi nyeupe yenye kuelekea kijani au manjano. Hupangwa kwa mizunguko juu ya shina refu la maua ambalo huweza kufikia sentimita 30. Kila ua lina midomo miwili na stameni nne zinazoelekea mdomo wa chini, hivyo nyuki anayetua hapo hupakwa chavua tumboni. Baada ya petali kuanguka, kikombe cha sepali hukua, hukauka na kuinama, na mdomo wake wa chini hujikunja juu na kuufunga mlango. Ndani hubaki vijikokwa vinne vya rangi ya kahawia vyenye kipenyo cha takriban milimita 1 hadi 1.5.

Vijikokwa hivyo husaidia kuutambua mmea. Vile vya mrihani vikilowekwa majini huvaa ute mzito baada ya dakika chache, lakini vya mrumbasha havitoi ute.

Anatomia ya shina na jani

Shina changa likikatwa kwa kukingama na kutazamwa kwa hadubini, huonekana kama mraba. Kwenye kila pembe, chini ya epidemisi, kuna fungu nene la kolenkima, yaani seli hai zenye kuta nene zinazoupa mmea uimara bila kuuzuia kupinda. Mafungu makubwa ya mishipa, yenye zailemu upande wa ndani na floemu upande wa nje, yako mkabala na pembe hizo. Katikati kuna moyo mpana wa seli laini. Shina likizeeka, kambiamu huongeza zailemu mpya mwaka hadi mwaka mpaka mafungu yanaungana kuwa pete moja ya mbao, na ule mraba hupotea.

Jani lina sura mbili tofauti, ya juu na ya chini. Chini ya epidemisi ya juu kuna seli ndefu zilizosimama na kusongamana kama fito za ukuta, zilizojaa kloroplasti. Hapo ndipo sehemu kubwa ya usanisinuru hufanyika. Chini yake kuna tishu yenye nafasi nyingi za hewa, mfano wa sponji. Stomata, yaani vinyweleo vya kupitishia hewa, ni vingi zaidi upande wa chini. Kila kimoja kimezungukwa na seli mbili za msaada ambazo ukuta wao wa pamoja hukingama na mstari wa mlango wake. Mpangilio huo ni alama ya kawaida ya familia Lamiaceae, na wachunguzi wa dawa za mitishamba huutumia kutambua unga wa majani ambao hauna tena umbo la jani.

Manyoya na tezi

Juu ya epidemisi kuna manyoya ya namna mbili. Ya kwanza ni manyoya ya kawaida yasiyotoa kitu, yaliyojengwa kwa seli kadhaa zilizopangwa mstari mmoja na kuishia kwa ncha kali. Haya ndiyo yanayolifanya jani liwe na mguso wa mahameli, na huwa mengi zaidi juu ya mishipa ya upande wa chini.

Ya pili ni manyoya yenye tezi, nayo yako ya aina mbili. Tezi ndogo zina kikonyo kifupi na kichwa cha seli moja au mbili. Hutoa kiasi kidogo tu cha mafuta pamoja na vitu vingine vya kunata. Tezi kubwa zina umbo la ngao. Kila moja ina seli ya msingi iliyozama katika epidemisi, seli moja fupi ya kikonyo, na kichwa kipana cha seli nne zilizopangwa kama vipande vinne vya chungwa. Kipenyo cha kichwa hicho hakifiki sehemu moja ya kumi ya milimita. Sehemu kubwa ya mafuta ya mrumbasha iko hapa.

Seli hizo nne hutengeneza mafuta lakini hazikai nayo. Huyasukuma nje ya ukuta wao, na huko hujikusanya chini ya kutikulo, utando mwembamba wa nta unaofunika epidemisi yote. Kutikulo huinuka taratibu kama puto, na chini yake huwa kifuko kidogo kilichojaa mafuta. Kuta za pembeni za seli ya kikonyo zimepakwa dutu isiyopitisha mafuta, kwa hiyo hayawezi kurudi ndani ya jani. Uhifadhi huu una faida kwa mmea wenyewe, kwani kemikali zinazoua bakteria na kuwachukiza wadudu zingeweza kudhuru hata seli zilizozitengeneza.

Kutikulo hilo halina nguvu. Mguso wa mkono, meno ya mbuzi au tone kubwa la mvua hutosha kulipasua, na harufu hutoka papo hapo. Ndiyo sababu mrumbasha hunukia zaidi mtu anapoupita na kuugusa kuliko anapousimamia kwa mbali. Ndiyo sababu pia majani yaliyokaushwa juani na kusagwa mapema hupoteza nguvu, kwa kuwa vifuko vimeshapasuka na mafuta yamekwenda na upepo. Wakaushaji wazoefu huyaanika kivulini yakiwa mazima na kuyasaga wakati wa kuyatumia.

Katika jani changa tezi zimesongamana. Jani linapopanuka huachana, na hivyo eneo lilelile la jani lililozeeka huwa na tezi chache zaidi. Machipukizi na mashina ya maua kwa kawaida ndiyo yenye harufu kali kuliko sehemu nyingine.

Kemia ya mafuta

Mafuta ya kunukia si mafuta kama ya nazi au alizeti. Ni mchanganyiko wa kampaundi nyingi nyepesi ambazo hugeuka mvuke kwa urahisi, ndiyo maana huitwa pia mafuta tete. Tone lake likiwekwa juu ya karatasi hutoweka baada ya muda, wakati mafuta ya kupikia huacha doa la kudumu.

Katika mrumbasha kampaundi mbili zina umuhimu mkubwa. Ya kwanza ni eujenoli (C10H12O2), kampaundi ileile inayofanya sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba. Ya pili ni thaimoli (C10H14O), yenye harufu ya dawa ya kusukutulia kinywa. Zote mbili ni fenoli, lakini hutengenezwa kwa njia zisizohusiana. Eujenoli huanzia kwenye asidi amino inayoitwa fenilalanini, kwa njia ileile ambayo mimea huitumia kujenga lignini ya mbao. Kimeng'enya cha hatua ya mwisho kilielezwa mwaka 2006 kutokana na tezi za mrihani na maua ya petunia. Thaimoli ni ya ukoo wa terpeni, na hutengenezwa kupitia gama-terpineni. Kwa sababu hiyo mafuta yenye thaimoli nyingi karibu daima huwa pia na gama-terpineni na para-simeni, ambazo ni mabaki ya njia hiyo.

Mmea mmoja mmoja hurithi uwezo wa kutumia zaidi njia moja kuliko nyingine. Wanakemia huita makundi hayo aina za kikemikali. Mimea mingi ya Afrika ya Magharibi iliyochunguzwa, kama vile ya Nigeria, Benin na Togo, ni ya aina ya thaimoli. Katika Afrika ya Mashariki aina ya eujenoli imeripotiwa mara nyingi: mafuta ya mrumbasha wa mashariki mwa Kenya, yaliyochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, yalikuwa na eujenoli asilimia 68.8, yakifuatiwa na methili-eujenoli na osimeni. Kuna pia mimea ambayo mafuta yake makuu ni geranioli, linaloli au ethili sinamati. Mpaka kati ya aina hizi hauendi sawasawa na mipaka ya nchi, wala umbo la jani halitoshi kuuonyesha. Pua yenye mazoezi inaweza kutenganisha harufu ya karafuu na ile ya thaimoli, lakini jibu la hakika hupatikana kwa kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi.

Juu ya tofauti za kurithi kuna mabadiliko ya mazingira. Umri wa jani, majira, udongo na hata saa ya kuvuna hubadilisha kiasi. Watafiti wa Brazil waliochuma majani ya aina ya eujenoli kwa nyakati mbalimbali za siku walikuta eujenoli nyingi zaidi wakati wa adhuhuri, huku sineoli ikipanda asubuhi na jioni. Desturi ya baadhi ya waganga ya kutaja saa ya kuchuma dawa si jambo la kudharauliwa bila kupimwa.

Ukamuaji

Mafuta hupatikana kwa kukeneka. Majani huchemshwa majini au hupitishiwa mvuke, mvuke huo hupozwa ndani ya bomba, na kimiminika kinachotiririka hujitenga kuwa maji na mafuta. Eujenoli huchemka kwenye nyuzi 254 za selsiasi na thaimoli kwenye 232, lakini zikiwa pamoja na maji hubebwa na mvuke karibu na nyuzi 100, hivyo haziungui. Majani mabichi ya kilo 100 kwa kawaida hutoa mafuta yasiyofika hata kilo moja.

Aina ya kikemikali huonekana hata katika chombo cha kutenganishia. Mafuta ya thaimoli ni mepesi kuliko maji na huelea. Eujenoli halisi ni nzito kuliko maji, kwa hiyo mafuta yenye eujenoli nyingi huweza kuzama au kutawanyika ndani ya maji kama ukungu mweupe. Anayekinga yale ya juu tu, kama alivyozoea kwa mimea mingine, anaweza kuyamwaga mafuta bora pamoja na maji.

Nyungu ya nyumbani hufanya kazi kwa kanuni ileile, ila haina bomba la kupozea: mvuke wenye mafuta huingia moja kwa moja puani mwa anayejifukiza. Chai ya mrumbasha ni kitu kingine. Ikichemshwa muda mrefu bila kifuniko, sehemu kubwa ya mafuta huondoka na mvuke, na kinachobaki ni vitu visivyo tete kama asidi ya rosmarini na flavonoidi. Matokeo ya maabara yaliyopatikana kwa mafuta hayawezi kuhamishiwa kwenye chai bila uthibitisho.

Matumizi na utafiti

Katika tiba za jadi majani hutumika kwa mafua, kikohozi, homa, maumivu ya tumbo na kuharisha. Hutafunwa kwa maumivu ya jino, na hapa kemia inakubaliana na desturi pale mmea unapokuwa wa aina ya eujenoli: eujenoli hutia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuzibia meno kwa muda.

Katika maabara eujenoli na thaimoli huharibu utando wa seli za bakteria na kuvu nyingi. Hilo ni tofauti na kusema kwamba mmea hutibu ugonjwa fulani kwa binadamu, kwa sababu kiasi kinachofika kwenye viungo vya ndani baada ya kunywa dawa ni kidogo sana kuliko kile cha kwenye bomba la majaribio.

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu wadudu. Mwaka 1990 Ahmed Hassanali na wenzake wa taasisi ya ICIPE, Nairobi, walichapisha matokeo ya kulinganisha mrumbasha na karafuu dhidi ya fukusi wa mahindi (Sitophilus zeamais), wakionyesha kwamba eujenoli ina sehemu kubwa katika kuwafukuza. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba mafuta ya mrumbasha hufukuza na kuua kupe Rhipicephalus appendiculatus, anayeeneza ndigana kali kwa ng'ombe. Katika kaskazini-mashariki mwa Tanzania, utafiti wa mwaka 2008 ulikuta kwamba mrumbasha na Ocimum kilimandscharicum ni miongoni mwa mimea inayotumiwa sana na wenyeji dhidi ya mbu. Kinga ya moshi au majani haidumu, maana mafuta yakishapaa yamekwisha. Haiwezi kuchukua nafasi ya chandarua chenye dawa.

Katika Umoja wa Kisovyeti mmea huu ulilimwa kandokando ya Bahari Nyeusi kama chanzo cha eujenoli, ili kupunguza utegemezi wa karafuu zilizoagizwa kutoka nchi za joto. Eujenoli hiyo ilitumika katika manukato, dawa za meno na utengenezaji wa vanilini.

Tahadhari

Majani kama kiungo cha chakula hayajulikani kuwa na madhara makubwa, lakini mafuta yaliyokamuliwa ni kitu kikali. Yakipakwa bila kuzimuliwa huunguza ngozi na utando wa mdomo. Eujenoli nyingi hudhuru ini: watoto wadogo waliomeza mafuta ya karafuu, yenye kampaundi hiyohiyo, wamepata sumu kali. Eujenoli pia hupunguza uwezo wa damu kuganda, jambo la kuzingatiwa na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda au wanaotarajia upasuaji. Methili-eujenoli, iliyomo katika baadhi ya mafuta ya mrumbasha wa Kenya, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani (IARC) katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kusababisha saratani.

Chupa yenye maandishi "mafuta ya mrumbasha" bila kutaja aina ya kikemikali inaweza kuwa na eujenoli, thaimoli au kitu kingine, na kipimo kinachofaa kwa kimoja si lazima kifae kwa kingine.